Maji ya moto na mapafu yenye kugonjwa: angalia maji, lakini angalia zaidi hewa yenye unavuta

Siku ya Mungu, kisha misa ao ibada, familia nyingi za Goma na Bukavu zinashuka ku ziwa. Wenye kuwa na franga kidogo wanaingia ku hoteli yenye iko na jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto yenye kutoa mapovu. Wengine wanafuata maji ya moto yenye inatoka yenyewe ndani ya udongo: ku Katana, katika teritware ya Kabare, ao wanavuka mupaka na kufika Nyamyumba, pembeni ya Gisenyi, ao Bugarama, upande wa Rusizi. Wanaenda kupumuzika. Lakini wengi wanaenda pia kutafuta dawa: mugongo unauma, mifupa inauma, ngozi inawasha, ao kifua hakitaki kupona.

Hao wa mwisho, wenye kifua hakitaki kupona, ndio tunapenda kuzungumuza nao leo. Sababu mutu mwenye mapafu yake imeharibika haingie ndani ya maji ya moto sawa mutu mwengine. Mwenzake anaingiza ngozi tu. Yeye anaingiza mapafu.

Ni nani tunazungumuzia hapa?

Katika mikoa yetu ya mashariki, mapafu inaharibika kwa njia nyingi. Kuko wale wenye waliugua kifua kikuu (TB), wakamaliza dawa zote, wakaambiwa wamepona. Ni kweli, mikrobi imekufa. Lakini mara nyingi inaacha makovu ndani ya mapafu, na mutu anabaki na kikohozi, makohozi mingi, na pumzi yenye inakatika wakati wa kupanda mulima.

Kuko mama zetu wenye wamepikia kuni na makala kwa miaka makumi mbili ao tatu, mara nyingi ndani ya jiko bila dirisha. Kuko vijana na wababa wenye wamevunja mawe ku machimbo ya zahabu na koltani. Vumbi ya yale mawe inaingia ndani kabisa ya mapafu na haitoke tena. Kuko wenye kuvuta tumbaku. Kuko wenye pumu, tangu utoto. Waganga wanatumia majina mbalimbali: BPCO, bronkite ya muda murefu, silikozi, pumu. Lakini kwa jambo la leo, wote wako katika kundi moja: mapafu yao haina tena nguvu ya kujitetea sawa zamani.

Tuseme kwanza ukweli mumoja: maji ya moto inalegeza misuli na inatuliza mwili. Hiyo hatukatae. Lakini haifute kovu ya TB, haitoe vumbi ya mawe, haifungue mapafu yenye moshi imeziba. Kama mutu anajisikia muzuri kisha kuoga, ni mwili umetulia. Mapafu ingali ile ile.

Hatari ya kwanza: mikrobi yenye inapanda na muvuke

Ku jakuzi, pompi inasukuma hewa ndani ya maji. Mapovu inapanda, inapasuka juu, na kila povu inarusha matone madogo sana yenye macho haioni. Ile matone inabaki ndani ya hewa, na unaivuta. Kama maji iko na mikrobi, umeiingiza mpaka chini ya mapafu bila kunywa hata tone moja.

Mikrobi yenye kuogopewa zaidi inaitwa lejonela. Inapenda maji yenye joto ya kati ya digri 25 na 45. Jakuzi inawekwa karibu digri 37 mpaka 40. Ni sawa kuitandikia kitanda. Inajificha ndani ya mipira ya maji na ndani ya ule utelezi wenye kushika ku kuta za beseni.

Mufano wenye ulifundisha dunia ulitoka Uholanzi. Katika mwezi wa pili, mwaka 1999, kulikuwa maonyesho makubwa ya maua katika muji mudogo wa Bovenkarspel. Ndani ya ukumbi, wauzaji waliweka jakuzi ili watu wazione tu. Hakuna mwenye alikuja pale kuoga. Wageni walikuwa wanapita pembeni, wanaangalia maua. Watu kama 200 wakaugua ugonjwa wa lejonela, na karibu 30 wakakufa. Waganga wa uchunguzi walifuatilia na kukuta mikrobi ilitoka ndani ya jakuzi. Walivuta hewa tu, basi.

Kwa hiyo, musikilizaji wetu, kama uko na ugonjwa wa mapafu na unasema "mimi siingie, nakaa tu pembeni na watoto," ujue kukaa pembeni ya beseni chafu, ndani ya chumba chenye kufungwa, haikulinde. Wenye kuwa katika hatari zaidi ni watu wa miaka 50 na kupita, wavuta tumbaku, wenye ugonjwa wa mapafu wa muda murefu, na wenye kinga ya mwili iko chini.

Kuko pia jamaa za mikrobi ya TB zenye zinaishi ndani ya maji. Hizo haziambukize mutu kwa mutu sawa TB, na klore haiziue vyepesi. Mutu mwenye anavuta muvuke wao mara kwa mara, zaidi sana ndani ya nyumba, anaweza kupata kikohozi, homa na kukosa pumzi. Na hapa ndipo shida inaingia: makohozi ikiangaliwa ku mikroskopi, hizi jamaa zinaweza kufanana na TB yenyewe. Kipimo cha GeneXpert ndicho kinatafuta mikrobi ya TB kabisa. Kama uliuguaka TB na kikohozi kinarudi, ambia munganga yote mawili: kwamba ulikuwa na TB, na kwamba umeoga ku jakuzi ao ku maji ya moto.

Hatari ya pili: gazi yenye haina harufu

Ku maji ya moto ya asili, hatari inabadilika. Pale hakuna pompi. Lakini sisi tunaishi juu ya udongo wa volkano, na mara nyingi udongo huu unatoa maji pamoja na gazi. Yale mapovu unaona inapanda kutoka chini, watu wanasema "maji inachemka." Mara nyingi haichemke. Ni gazi karboniki inatoka.

Watu wa Goma na Sake wanaijua ile gazi kwa jina lake: mazuku. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kujikusanya ku mabonde madogo, ku mashimo, ku mapango, ku visima, na kando ya ziwa. Haionekane. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mutoto anamufuata, harudi. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano (OVG) kinaifuatilia kwa miaka mingi, sababu imeua watu na wanyama katika maeneo yetu.

Mutu mwenye mapafu ya nguvu, akivuta gazi kidogo, anaanza kupumua mbio ili aitoe. Mutu wa BPCO ao mwenye makovu mingi ya TB, mapafu yake inashindwa kutoa hata ile gazi ya kawaida yenye mwili wake unatengeneza kila siku. Ukimuongezea ingine, kichwa kinauma, usingizi unamushika, anachanganyikiwa. Wenzake wanafikiri amelegea juu ya maji moto. Kumbe anaenda.

Watu fulani wanashuka na mushumaa: ukiwaka, wanasema hewa iko muzuri. Usitegemee hiyo. Mushumaa unazimika wakati gazi imekwisha kuwa nyingi sana. Kwa mapafu yenye kugonjwa, hatari inaanza mbele ya mushumaa kuzimika.

Alama za kuangalia ni hizi: wadudu, mijusi ao ndege wenye kufa pembeni ya maji; majani yenye kukauka ku shimo moja tu wakati kandokando ni kibichi; mahali pa chini, penye kuta pande zote, penye upepo haufike. Usiku na asubuhi mapema, wakati hewa imetulia, ndio wakati mubaya zaidi. Na kama unasikia harufu ya mayai ya kuoza, ondoka. Ile ni gazi ingine, na kama iko nyingi inaua pua: harufu inapotea, lakini gazi ingali pale.

Na kama mutu ameanguka ndani ya shimo sawa hiyo, usimurukie. Ni kuchungu kusema, lakini familia nyingi zimepoteza wawili ao watatu kwa sababu ya kumufuata wa kwanza. Ita watu, tafuteni kamba, muvutieni kutoka juu.

Hatari ya tatu: joto na uzito wa maji

Hii hata maji safi kabisa inayo. Ukiingia mpaka ku shingo, maji inakukamata kifua sawa mukaba. Kila pumzi inaomba nguvu zaidi. Mutu mwenye afya hasikie kitu. Mutu mwenye anapumua kwa taabu anasikia kifua kinafungwa. Wakati ule ule, joto inafungua mishipa ya damu, presha inashuka, moyo unapiga mbio. Ukisimama kwa haraka, kizunguzungu, unaanguka. Pombe inaongeza shida yote hii, na ku hoteli, pombe haiko mbali.

Namna ya kuangalia jakuzi mbele ya kulipa

Hauhitaji kuwa munganga. Unahitaji macho, pua, kidole, na uhodari wa kuuliza.

Macho: maji inapaswa kuwa safi mpaka unaona chini muzuri. Kama ni ya mawingu ao iko na povu yenye haiishe hata pompi ikisimama, acha.

Kidole: pitisha kidole ku ukuta wa beseni, mahali maji inafika. Kama kunateleza sawa samaki, ule utelezi ni nyumba ya mikrobi. Acha.

Pua: wengi wanafikiri harufu kali ya klore ni alama ya usafi. Hapana. Klore yenye inafanya kazi muzuri hainuke sana. Ile harufu kali inakuja wakati klore imekutana na jasho na mikojo ya watu. Na ile hewa inachoma mapafu. Mutu wa pumu anaweza kushikwa pale pale. Kama macho inawasha na koo linakwaruza mbele ya kuingia, acha.

Kisha uliza mwenye kuchunga pale: "Kaka, leo mumepima klore mara ngapi?" Klore tuliizoea wakati wa kolera na wakati wa Ebola, hakuna haya ya kuiulizia. Ku jakuzi, klore haipaswe kuwa chini ya miligramu 3 kwa litri moja ya maji, na ile kipimo chenye waganga wanaita pH inapaswa kuwa kati ya 7 na 7,8. Kuko vikaratasi vyenye kubadilika rangi vya kupimia. Kazi yake ni dakika moja. Mufanyakazi mwenye anajua kazi yake atakuonyesha daftari. Mwenye anacheka na kusema "usiogope, mama, maji ni safi," hajakujibu.

Uliza pia juu ya umeme. Sisi wote tunajua namna umeme unakatika huku kwetu. Umeme ukikatika usiku muzima, pompi na chujio vinasimama, klore inaisha, lakini maji inabaki ya vuguvugu. Hiyo ndiyo saa mikrobi inazaana. Kama umeme ulikatika, kwanza watie klore, pompi izunguke, wapime upya, ndipo watu waingie. Na joto isipite digri 40.

Kama umekubali kuingia

Kwanza, jioshe na sabuni. Ile ni heshima kwa wengine pia, sababu uchafu wa mwili ndio unakula klore. Chagua beseni la inje, si la ndani ya chumba chenye hakina dirisha. Kaa mbali na mahali pompi inarusha maji kwa nguvu. Maji isipite chini ya kifua. Keti ku ngazi ya juu. Usizamishe kichwa, maji isiingie ku pua ao ku kinywa. Dakika 10 zinatosha. Kisha 15, toka hata kama unasikia utamu. Simama polepole. Usiwe peke yako. Na pompi yako ya kuvuta dawa ikae pembeni ya beseni, si ndani ya motokari.

Pumzi ikianza kukatika, toka kwanza. Keti, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Vuta hewa na pua, itoe polepole na mudomo umebanwa kidogo, sawa unapuliza chai ya moto. Tumia pompi yako sawa vile munganga alikuonyesha. Kama haipungue, muende hospitali, musingoje kesho.

Kuko wenye hawapaswe kuingia bila kuuliza munganga: mwenye anatema damu, mwenye hajamaliza dawa za TB, mwenye anakosa pumzi hata akikaa kimya, mwenye alilazwa juu ya mapafu hivi karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kinga iko chini juu ya VIH, sukari, ao dawa za kotikoidi za muda murefu. Na mwenye TB yenye haijatibiwa, akiingia ndani ya chumba cha muvuke chenye kufungwa, anaweka hatarini wote wenye wako pale.

Na kujifukiza nyumbani?

Wengi watasema: "Mimi sina franga za hoteli. Mimi nafunika kichwa na bulangeti juu ya sufuria ya kaliptusi." Tunaelewa. Wakati wa Korona karibu kila lupango lilifanya hivyo. Lakini muvuke wa moto hauue mikrobi yenye iko ndani ya mapafu, na kwa mutu wa pumu unaweza kufunga kifua zaidi. Na ile sufuria imechoma watoto wengi. Kama unatafuta kutulia, ingiza miguu ndani ya beseni ya maji ya vuguvugu, keti ku baraza, vuta hewa safi. Misuli italegea, na mapafu haitasumbuliwa. Ni bure.

Alama zenye hazipaswe kungoja

Ugonjwa wa lejonela unaanza kisha siku 2 mpaka 14. Kwa hiyo unaweza kuwa umekwisha kusahau ile siku ya Mungu ku ziwa. Unaanza na homa kali, baridi, kichwa, misuli kuuma, kikohozi. Wakati fulani kuhara na kuchanganyikiwa. Mutu wa BPCO anaweza kuwaza ni ile kifua yake ya kila siku.

Kosa lenye linaua ni hili: kwenda ku farmasi, kununua amoksisilini, kungoja wiki moja. Lejonela inajificha ndani ya chembe za mwili, na amoksisilini haiiwezi. Kuko antibiotike zingine zenye zinaiua muzuri, lakini ni munganga anazichagua, na haraka. Basi ukifika ku kituo cha afya, usiseme tu "niko na kikohozi." Sema: "Niko na ugonjwa wa mapafu, na siku kumi zilizopita nilikuwa ku jakuzi." Ile sentensi moja inaweza kubadilisha dawa yenye utapewa.

Na neno la mwisho kwa wale wenye wanaambiwa: "Acha ile pompi, acha vidonge, uende ku maji ya moto siku saba, utapona." Mwenye anakuambia hivyo anaweza kuwa na moyo muzuri. Lakini dawa ya mapafu haiachwe juu ya maji. Uende kutembea, uende kupumuzika na watoto, ukae juu penye upepo unapita, ukitaka uingize miguu. Lakini pompi ikae ndani ya mufuko wako, na vidonge uvimeze ku saa yake.